Soma Uharibifu Kabla ya Kuukarabati

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, mafundi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliojaa huko nyuma: shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za mchana.

Nimeombwa nizungumze juu ya mafaili yanayoharibika bila sababu inayoonekana. Nitaanza na amri moja ambayo wengi wetu tunaiandika bila kufikiri. Kompyuta imeletwa, inalalamika kwamba mfumo wa mafaili una makosa. Kama ni Linux, fundi anaandika fsck -y, au kama ni Windows anaandika chkdsk /f, amri za kukarabati mfumo wa mafaili, kisha anaenda kunywa chai. Naomba desturi hiyo tuiache. Programu hizo mbili hazikuandikwa ili kuokoa kazi ya mwenye kompyuta. Ziliandikwa ili diski iweze kutumika tena. Orodha ya mafaili ikidai kitu fulani na ramani ya diski ikidai kingine, programu inachagua upande mmoja na kuufuta wa pili. Vipande visivyojulikana ni vya nani hutupwa ndani ya folda ya lost+found vikiwa na namba badala ya majina, au ndani ya FOUND.000 vikiitwa FILE0000.CHK na kuendelea. Mfumo umepona, lakini hesabu za mwaka mzima za mhasibu wa watu zimekwenda.

Kuna balaa kubwa zaidi ya hilo. Ikiwa chanzo cha yote ni RAM mbovu, programu ya ukarabati inaisoma ramani ya diski kupitia RAM hiyohiyo. Inaona makosa ambayo kwenye diski hayapo, inayarekebisha, na kuandika uongo juu ya ukweli. Nimewahi kuona diski iliyokuwa nzima ikimalizwa na ukarabati, wala si na ugonjwa.

Kwa hiyo kabla ya kutibu, nakili. Izime mashine, itoe diski, iunganishe kwenye kompyuta unayoiamini, na uichukue yote kama ilivyo kwa GNU ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Uzuri wa ddrescue ni kwamba inaanza kwa kuchukua sehemu zinazosomeka vizuri, inaziruka zile zenye shida, inaandika kwenye faili la ramani imefika wapi, halafu inazirudia zile ngumu baadaye. Diski inayokufa ina pumzi chache. Usizitumie kwa kulazimisha sekta moja mbovu wakati gigabaiti mia nne nzima zinasubiri. Ukishakuwa na nakala, uchunguzi wote ufanye juu ya nakala. Na ukitaka kujua fsck ina maoni gani, iandike kwa -n, ikague bila kugusa kitu. Vivyo hivyo chkdsk bila /f inasoma tu.

Sasa tuje kwenye fumbo lenyewe.

Baiti moja, tangu inatoka kwenye programu yako mpaka inatulia kwenye diski, inapita sehemu nyingi. Inakaa kwenye RAM, inashikwa na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inapita kwenye mazabodi na kadi inayoendesha diski, inapita kwenye kebo, inaingia kwenye kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya diski yenyewe, inasimamiwa na programu ya ndani ya diski, ndipo inaandikwa. Wakati wa kusoma inarudi njia hiyohiyo. Kila kituo kinaweza kuiharibu. Na hili ndilo ninalotaka mlishike leo: kosa linaonekana pale penye mkaguzi, na penye mkaguzi mara nyingi sipo kosa lilipozaliwa. Diski inalaumiwa kwa sababu ndiko tunakochungulia.

Vituo vingi, kwa kweli, havina mkaguzi kabisa. ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, inaweza kuweka jumla ya uhakiki, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye baiti zote za kipande fulani, lakini inaiweka kwa ajili ya daftari zake yenyewe tu: orodha, ramani, maelezo ya mafaili. Uwezo huo uliingia kwenye Linux 3.5 mwaka 2012. Yaliyomo ndani ya faili lako haiyahakiki. NTFS, ule wa Windows, nayo haiyahakiki. Basi kwenye kompyuta nyingi tunazozihudumia, picha ya harusi inaweza kugeuka nusu kijivu na hakuna chombo chochote kitakachopiga kelele. Atakayegundua ni bibi harusi. Usikubali mtu akuambie "mfumo haujaonyesha kosa lolote" kana kwamba huo ni ushahidi.

Jeff Bonwick na Matthew Ahrens walipoanza kutengeneza mfumo wa mafaili wa ZFS pale Sun Microsystems mwaka 2001, walichukua msimamo tofauti: usiiamini diski, usiiamini kebo, usiiamini kadi. Kila kipande cha data kina jumla yake ya uhakiki, na jumla hiyo haikai pamoja na kipande chenyewe, inakaa kwenye kipande cha juu yake kinachokielekeza. Kipande kikiandikwa mahali pasipo pake, au kisipoandikwa kabisa huku diski ikidai imeandika, kitajulikana. Huo ni uamuzi wa busara sana, na baadaye nitawaeleza mahali ambapo hata wenyewe haukutosha.

Hivi vitu hutokea kweli? Hutokea. CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia kilichopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, walilipima jambo hili mwaka 2007. Waliweka programu ndogo kwenye mashine zaidi ya 3,000. Kila baada ya saa mbili iliandika faili la gigabaiti 2 hivi lenye mpangilio wa biti unaojulikana, kisha ikalisoma tena na kulinganisha. Baada ya wiki 5 walikuwa na makosa 500 kwenye mashine 100. Na hizo hazikuwa kompyuta za uani, ni seva zilizonunuliwa na kutunzwa na watu wenye ujuzi.

Lakini idadi siyo iliyonivutia. Kilichonivutia ni kwamba waliyapanga makosa hayo kwa sura. Kama sehemu moja katika kumi ilikuwa biti moja moja iliyogeuka. Sehemu nyingine kama hiyo ilikuwa ya ukubwa wa sekta au wa ukurasa wa kumbukumbu. Zilizobaki, asilimia 80, zilikuwa maeneo ya kilobaiti 64 yaliyoharibika kwa pamoja, na kundi hilo waliweza kulihusisha na mgogoro kati ya aina fulani ya diski na aina fulani ya kadi. Mnaona? Hawakuanza kwa kubadilisha vifaa. Walianza kwa kuangalia uharibifu una umbo gani, na umbo likawaambia waelekee wapi.

Sisi pia tunaweza, na hatuhitaji maabara. Tunahitaji nakala mbili za faili moja, ile nzima na ile iliyoharibika. Nzima unaipata kwenye bakapu ya zamani, kwenye barua pepe aliyomtumia bosi wake, kwenye flashi iliyosahaulika droo. Kisha andika cmp -l na majina ya mafaili yote mawili. Itakuorodheshea kila baiti iliyotofautiana: ipo nafasi ya ngapi, huku ina thamani gani, kule ina thamani gani, kwa hesabu ya msingi wa nane.

Chukua mfano wa orodha ya mishahara iliyohifadhiwa kama maandishi ya kawaida. Mtu aliyekuwa analipwa 100,000 anaonekana analipwa 900,000. Kila mtu ofisini anamtazama karani kwa jicho baya. Wewe unaandika cmp -l, na unaletewa mstari mmoja tu wenye 61 na 71. Tarakimu 1 kwenye kompyuta ni biti 00110001. Tarakimu 9 ni 00111001. Tofauti ni biti moja. Mwizi anaweza kubadilisha tarakimu, hilo sikatai, lakini ukikuta kwenye mafaili mengine ya mashine hiyo biti hiyohiyo ya nafasi ya nne kutoka kulia imegeuka, ndani ya picha, ndani ya nyimbo, ndani ya mafaili ambayo hayana maslahi kwa mwizi yeyote, basi mwombeni karani msamaha na mfungue kasha la kompyuta. Biti moja moja ni dalili ya RAM.

Kuna hesabu moja hapa ambayo wachache wanaifanya, nami nawasihi muizoee. Chukua nafasi ya kila baiti iliyoharibika, toa moja kwa sababu cmp inaanza kuhesabu kwenye moja, kisha gawanya kwa 4,096 na uangalie baki. Kerneli inayaweka mafaili kwenye RAM kwa kurasa za baiti 4,096. Seli moja ya RAM ikiwa mbovu, itakuwa mahali palepale ndani ya ukurasa, iwe ni ukurasa wa faili gani. Mafaili matatu tofauti, nafasi tatu tofauti, lakini baki ni moja: umemshika. Sasa memtest86+, programu ya kupima RAM, iachie usiku kucha, na kama mtu aliongeza kasi ya RAM kwenye BIOS, rudisha kasi ya kawaida kwanza. Usiridhike na mzunguko mmoja uliopita salama. RAM nyingine hukosea ikishapata joto tu. Na msione kama haya ni mambo ya nadra: utafiti uliofanywa kwenye seva za Google na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vikipata kosa walau moja kwa mwaka. Seva zile zina RAM inayojisahihisha. Laptopu za wateja wetu hazina.

Tofauti ikiwa ni kipande kizima kilichojaa sifuri, mwelekeo unabadilika. Kwetu hapa sifuri mara nyingi zinatokana na umeme. Hati ya Word ina ukubwa uleule wa jana, ila haifunguki, na ukiichungulia kwa xxd, inayoonyesha baiti moja moja, ni sifuri tupu toka mwanzo hadi mwisho. Daftari la mfumo liliwahi kuandika kwamba faili lina ukubwa fulani, umeme ukakatika kabla yaliyomo hayajafika kwenye diski. NTFS inalinda daftari zake, na kwa hilo imefanya kazi yake. Maandishi ya mtu hayamo ndani ya ulinzi huo. ext4 ilipokuwa mpya ilileta kilio cha namna hiyo mwaka 2009: watu walizimikiwa, wakawasha, wakakuta mafaili ya mipangilio yana ukubwa wa sifuri, kwa sababu mfumo ulichelewesha kuamua data iwekwe wapi na programu nazo hazikudai iandikwe mara moja. Kerneli 2.6.30 ilipunguza hatari hiyo. Ukikuta sura hii, usipoteze muda na RAM wala usinunue diski mpya. Muulize mteja umeme ulikatika lini, linganisha na tarehe ya faili, kisha mshauri kuhusu UPS.

Na zipo flashi za uongo, ambazo mnazifahamu kuliko mimi. Imeandikwa gigabaiti 128, ndani ina 8. Mafaili ya mwanzo yanafunguka vizuri. Ya baadaye majina yanaonekana, ukubwa unaonekana sawasawa, ila ndani ni takataka, kwa sababu orodha ya mafaili iko mwanzoni mwa flashi ambako nafasi ipo kweli, na yaliyomo yalipelekwa mahali pasipokuwepo. Kijana anaambiwa na fundi kwamba ana virusi. Hana virusi, ameibiwa.

Kipimo kingine kinachonisaidia sana ni kusoma mara mbili. Toa jumla ya uhakiki ya faili kwa sha256sum. Itoe tena. Lakini kumbukeni: mara ya pili kerneli haiendi kwenye diski, inakusomea nakala iliyoko kwenye RAM, kwa hiyo jibu litafanana tu na hujapima kitu. Futa kwanza nakala hizo kwa kuandika 3 ndani ya /proc/sys/vm/drop_caches, au tumia faili kubwa kuliko RAM yote ya mashine. Kama majibu yanabadilika kila unaposoma, furahi: huenda data kwenye diski ni nzima na kinachoharibu ni njia ya kurudi. Badilisha mashine, soma tena. Kama jibu ni baya na ni lilelile kila mara, hata kwenye mashine nyingine, basi ubaya uliandikwa, na unatakiwa kutafuta kilichotokea siku ya kuandika.

Kuhusu SMART, ripoti ambayo diski hutoa juu ya afya yake, nitasema kidogo, maana wengi mnaitumia. Sifa namba 5 na 197 zinasema juu ya uso wa diski, sekta zilizohamishwa na zinazosubiri hukumu. Namba 199 inasema juu ya safari ya kwenye kebo. Ikipanda 199 huku 5 na 197 zimetulia, badilisha kebo kabla hujaandika hukumu ya kifo ya diski. Hesabu ya 199 kwa kawaida hairudi nyuma hata ukishaweka kebo mpya, kwa hiyo andika ilipofikia na uangalie kama inaendelea. Wenye ZFS, tazameni zpool status: makosa ya CKSUM yakiwa kwenye diski moja, ishuku diski hiyo na kebo yake. Yakiwa kwenye diski zote kwa idadi zinazokaribiana, diski nne haziwezi kuugua siku moja. Tafuta kitu wanachokishiriki: pawa saplai, kadi, RAM. Na msikimbilie zpool clear, inayofuta hesabu hizo, kabla hamjanakili namba hizo mahali.

Nilisema nitarudi kwenye ZFS. Mwezi Novemba 2023 mtumiaji mmoja wa Gentoo, aina mojawapo ya Linux, alikuta programu alizozijenga zimevunjika. Alikuwa amejenga zana za lugha ya Go, na baadhi ya mafaili yaliyonakiliwa yalikuwa na vipande vya sifuri katikati. Akaagiza ZFS ikague diski nzima. Hakuna kosa hata moja. Diski nzuri, RAM nzuri, kila jumla ya uhakiki inalingana, na faili bovu.

Toleo jipya la OpenZFS, yaani ZFS ya chanzo huria, 2.2.0, lilikuwa limetoka mwezi mmoja tu nyuma, likiwa na uwezo mpya wa kunakili faili bila kurudia data yake. Kila kidole kikaelekezwa huko, na ilikuwa haki: kitu kipya, tatizo jipya. Toleo 2.2.1 likatoka likiwa limeuzima uwezo huo. Ingekuwa dukani kwetu, kazi ingeishia hapo na mteja angelipa. Lakini watu waliandika programu fupi ya kulitengeneza tatizo kwa makusudi, wakaiendesha tena na tena, na likajitokeza hata kwenye matoleo ya 2.1 ambayo uwezo huo hayana kabisa. Mshukiwa akawa na ushahidi kwamba siku ya tukio hakuwepo.

Chanzo halisi kilikuwa kidogo na cha miaka mingi. Programu ya cp, tangu coreutils 9.0 (kifurushi cha zana za msingi za Linux) ya mwaka 2021, kabla ya kunakili huuliza mfumo: kwenye faili hili data iko wapi, na wapi ni tupu? Kama faili limetoka kuandikwa sasa hivi na bado halijashuka kwenye diski, ZFS inapaswa kulitambua hilo kabla ya kujibu. Kulikuwa na nafasi finyu mno ya wakati ambamo ukaguzi huo ulikosea, ikaonekana kwamba hakuna kinachosubiri, na jibu likawa "hapa ni tupu". cp ikaamini, ikaacha tundu kwenye nakala, na tundu likisomwa ni sifuri. Faili la asili halikuguswa. Nakala ilihifadhiwa kwa uaminifu kabisa, pamoja na utupu wake. Marekebisho yalitoka tarehe 30 Novemba 2023 kwenye 2.2.2 na 2.1.14.

Jumla ya uhakiki inathibitisha kwamba kilichoandikwa hakijabadilika. Kama kilichoandikwa ndicho mwenyewe alichokusudia, haijui. Ndiyo maana nawaambia msikilize sura ya uharibifu hata pale vyombo vyote vinaposema salama. Vipande vya sifuri, kwenye nakala tu, kamwe si kwenye asili, na hasa mashine ikiwa imeelemewa na kazi: maelezo hayo yalikuwa yanataja kunakili na muda tangu mwanzo, kwa mtu aliye tayari kuyasoma.

Wiki chache tu baadaye, Desemba 2023, watu wa Debian, aina nyingine ya Linux, waliahirisha toleo la 12.3 kwa sababu kerneli 6.1.64 iliyokuwa imeandaliwa ilikuwa na hatari ya kuharibu data kwenye ext4. Rekebisho moja lilikuwa limerudishwa kwenye kerneli ya zamani bila mwenzake linalomtegemea. Kesho yake wakatoa 12.4 yenye kerneli 6.1.66. Kwa hiyo kwenye orodha ya maswali mnayomuuliza mteja, baada ya "umeme ulikatika lini?" ongezeni "ulisasisha lini, na toleo gani?" Uandike jibu lake na tarehe.

Mwisho ni jambo la kazi ya kila siku. Uchunguzi wote niliouelezea unategemea kuwa na kitu kizima cha kulinganishia, na mara nyingi hatukuwa nacho. Mnapowatengenezea wateja bakapu, ingieni kwenye folda ya mafaili, endesheni find . -type f -exec sha256sum {} + na matokeo mhifadhi mahali pengine, nje ya diski hiyo. Mwezi unaofuata, kabla ya kuandika bakapu mpya juu ya ya zamani, endesheni sha256sum -c dhidi ya orodha hiyo. Faili ambalo mteja hajaligusa na jumla yake imebadilika, msilipitishe. Ya zamani ibaki mpaka muelewe. Na flashi au diski ya nje iliyonunuliwa leo isipewe data ya mtu kabla ya kuijaza yote kwa f3write na kuisoma kwa f3read, zana za kupima ukubwa halisi wa flashi. Itachukua saa kadhaa. Mteja akilalamika kuhusu kusubiri, mwonyesheni matokeo kwenye skrini, aone mwenyewe gigabaiti ngapi alizolipia na ngapi zipo.

Karibuni kwa maswali.